Askari Waliogeuzwa

Dada mtu alikuwa mshona nguo, mjane, mtu wa sala. Tangu mdogo wake aambiwe ana saratani kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, alijitwika kazi moja tu: kumwongezea kinga. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, alikamua karoti na bitiruti, akambebea wodini. Mdogo mtu alikunywa akikunja uso, akilalamika kwamba dada yake anamgeuza sungura. Kikombe kikiisha, dada alimwekea mkono tumboni na kumwomba Mungu amzidishie askari wa mwili.

Siku ile daktari alivuta kiti akakaa, na dada akajua si heri. Daktari alieleza taratibu. Walikuwa wamekipima kipande cha uvimbe, na askari hawakuwa wachache. Wamejaa tele humo ndani. Ila uvimbe umewageuza. Wengine umewachosha hadi hawana hamu ya kupigana, wengine umewafanya walinzi wake, wanawazuia wenzao wasiuguse. Dawa ya kuwazindua ndiyo ile mgonjwa aliyokuwa akitundikiwa kwa dripu, nayo haikufua dafu: picha za jana zimeonyesha uvimbe umefika kwenye ini.

"Kwa hiyo mwizi kawakaribisha chai, wakaweka rungu chini," mdogo mtu akasema.

Daktari alijaribu kutabasamu, ikamshinda.

Dada akauliza, je, wakiongezwa wengine?

"Mama, shida si uchache wao. Hata wapya wakifika pale, wanageuzwa vilevile."

Kilichobaki, alisema, ni kumpunguzia maumivu. Akarudisha kiti mahali pake, akatoka.

Mdogo mtu alipokea kikombe cha siku ile, akapiga mafunda mawili matatu ya kumridhisha mwenye kuleta, kisha akalala chali na kusogeza shuka.

"Haya, dada. Niombee."

Dada akaweka mkono. Tumbo lilikuwa la moto, gumu upande mmoja. Maneno ya kila siku yalimfika ulimini yakakwama. Aombe askari zaidi, ili iweje? Wakamlinde adui? Akatafuta ombi lingine, akakosa. Kwamba Mungu anasikia, hilo hakulitilia shaka. Hakujua tu amwambie nini.

"Mbona kimya?"

"Naomba."

"Omba kwa sauti, nisikie."

"Mungu," dada akasema. "Mungu wetu."

Mkono wake ukabaki pale tumboni. Mdogo wake, macho kayafumba, akaitikia amina, akaendelea kungoja ombi lenyewe.