Taa Juu ya Kondo

Hakuna kitu Wigati alichoshindwa kukiwasha ndani ya kompyuta: jua la asubuhi, moto wa kuni, mataa ya gari kwenye mvua. Kwa hiyo pale studio, mjini Semarang, Indonesia, ilipofika zamu ya ile picha ya usiku, mkuu wao Mas Haryadi, yaani Kaka Haryadi, hakujiuliza mara mbili. Akampa yeye. Labda alikuwa amesahau. Wanaume husahau mambo kama hayo.

Ilikuwa picha fupi ya filamu ya katuni. Kibaraza cha nyumba ya Kijava, chungu chenye kondo la nyuma kimefukiwa kushoto kwa mlango kwa sababu mtoto aliyezaliwa ni wa kike, tenga la mianzi limefunikwa juu yake, na ndani ya tenga balbu ya njano inawaka ili kondo la mtoto lisilale gizani. Taa hiyo huachwa iwake mwezi mzima na siku chache.

Ya Pinasti, binti wa Wigati, haikufika huko. Mtoto alizikwa, na kesho yake jioni Wigati alitoka nje akakuta tenga limeegemezwa ukutani. Mumewe alikuwa ameifungua balbu, akaipangusa, akaifunga jikoni, maana ya jikoni ilikuwa imeungua. Wigati aliingia akapika chini ya taa ile ile, na mpaka leo anapika chini yake.

Sasa alitaka iwake mahali ambapo hakuna mkono wa kuifungua. Hilo tu. Na iwake kweli.

Shida ilianzia hapo kwenye kweli. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba balbu unayoiona kwenye picha haimuliki kitu. Ukiweka mwanga ndani ya kioo, kompyuta inakihesabu kioo kama ukuta, mwanga unabaki humo humo. Kwa hiyo watu huupa uzi wa balbu rangi kali, ung'ae machoni, halafu hutundika pembeni taa nyingine isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayomulika. Mtazamaji haulizi.

Wigati alikataa kuitundika. Alitaka mwanga utoke kwenye uzi wenyewe, upite kwenye kioo, upenye matundu ya tenga, uguse udongo. Kompyuta ikahema kutwa nzima, ikatoa picha iliyojaa punje nyeupe, kama mtu kamwaga chumvi gizani. Alipoipitisha kwenye programu ya kusafisha, punje ziliondoka, na kivuli cha mianzi kikaondoka nazo. Udongo ukabaki laini kama uji.

“Mbak Wigati,” alisema Gunadi wa meza ya pili, akimwita dada kwa Kijava huku anatafuna tempe, soya ya kukaanga, “hiyo balbu unaipika au unaikausha? Tangu Jumatatu haijaiva.”

“Tafuna chakula chako.”

“Natafuna. Nakuonea huruma tu. Tundika taa ya wizi kama sisi wezi wenzako, twende zetu nyumbani.”

“Hii siitundikii.”

“Kwani hii ina nini?”

Gunadi alikuwa mgeni pale, angejulia wapi?

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Mas Haryadi alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

“Mbak, saa tisa tunaituma. Ipo?”

“Nipe hadi Jumatatu, Mas.”

Akainama kutazama. “Nzuri. Ila ina upele.” Watu wakacheka. “Gun, ichukue wewe.”

“Mas, tafadhali. Niachie hii moja.”

“Mbak. Ni balbu.” Alisema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, na huo upole ndio uliomfunga mdomo.

Gunadi alitundika taa ya wizi kabla chai yake haijapoa. Udongo uliwaka njano, kivuli cha tenga kikalala juu yake kama wavu, na ukingo wa chungu ukapata mng'ao mdogo wa unyevu. Watu wakamzunguka.

“Aisee, nanusa udongo!”

“Bibi yangu angeiona hii angelia.”

Hata Wigati aliona. Ilikuwa nzuri kuliko zake zote.

Walipokwenda kuitazama kwenye skrini kubwa, alikaa kwenye kiti cha Gunadi. Akaizima balbu inayoonekana: udongo ukaendelea kuwaka, haukuhisi lolote. Akairudisha, akaizima ile iliyofichwa. Balbu ikabaki inang'aa peke yake ndani ya tenga, njano, imetulia, na chini yake, umbali wa kiganja, giza tupu. Hata chungu hakikuonekana. Akaiongezea nguvu, akaongeza tena, mpaka mwisho wa kipimo. Uzi ukawa mweupe wa kuumiza macho. Udongo haukubadilika.

“Mbak, umegusa kitu?” Gunadi alikuwa mlangoni. “Wanaisubiri.”

“Nilikuwa natazama.”

“Si unaona? Rahisi tu.”

“Naona.”

Akairudisha taa ya wizi, akahifadhi kazi, akampisha kiti. Gunadi akamwambia kwamba jina la Wigati ndilo litakalotangulia kwenye orodha, maana kazi kubwa kaifanya yeye. Wigati akashukuru, akachukua kofia yake ya pikipiki. Kwenye ngazi akakaa. Hakulia. Alikuwa anatafuta kitu kingine cha kukitaka, chochote, hata glasi ya chai, na hakukipata.