Rasta za Conjesta

"Nani kamsuka huyu?"

Faustine, mpimaji, kashika kofia ya nyaya, anamwangalia mdogo wangu Conjesta kama gari bovu.

"Shangazi Hilda," nikamjibu. "Alisema haendi kwa madaktari na kichwa timtim."

"Kaka, hii mashine inasoma umeme wa ubongo. Inataka ngozi ya kichwa, siyo rasta na mafuta. Fumueni haraka, tunafunga tunarudi Njombe."

Wakirudi ndiyo basi. Utafiti wao wa kifafa unachukua waliopimwa tu, hao ndio wanatafutiwa dawa mpaka inayowakubali. Dawa anazomeza Conjesta zimegoma. Juzi kaangukia jiko, mkono umeungua mpaka kiwiko, na watu walikuwepo. Hakuna aliyemgusa. Kwetu Lyamkena wanasema likikupata povu lake, na wewe unaanza kuanguka.

Nikawageukia akina mama kwenye benchi la zahanati. "Jamani, nisaidieni kufumua."

Mmoja akaangalia ukuta. Mwenzake akamvuta mwanawe karibu.

"Fumua mwenyewe," Conjesta akasema. "Si fundi pikipiki? Jifanye unalegeza nati."

Nikaanza. Shangazi kasuka kama anashona gunia la viazi. Vidole vinateleza, jasho linanitoka na baridi lote lile.

"Unaning'oa!"

"Nyamaza."

"Nyamaza wewe, mikono inanuka oili."

Nikacheka. Yeye kimya. Shingo ikakaza.

"Conje?"

Macho yakaenda juu. Benchi zima likasimama. "Mwachie!" mama mmoja akapiga kelele. "Povu hilo!"

Nilitaka kumwachia kweli. Mikono ilishaanza kutoka yenyewe. Halafu nikaiona bandeji yake. Nikamlaza chini kiubavu, kichwa pajani kwangu. Povu likanimwagikia kiganjani, la vuguvugu, kama mate ya mtu yeyote.

"Hivyo hivyo," Faustine kapiga magoti. "Usimtie kitu mdomoni."

Ikapita. Conjesta akalegea, akaanza kukoroma.

"Tumekosa kipimo?" nikamuuliza Faustine.

"Hapana, hata akilala mashine inasoma. Ila rasta bado, na dereva wetu kashawasha gari."

Nikafuta mkono kwenye suruali, nikaendelea. Nusu kichwa bado. Nje gari linanguruma.

Mara yule mama aliyepiga kelele akachuchumaa upande wa pili. Hamwangalii Conjesta usoni. Kashika rasta moja kwa ncha za vidole, anafumua.

"Mwambieni dereva azime," akasema.