Mkanda wa Kinyumenyume

Mwalimu Josephu alitukataza siasa siku ya kwanza. "Hapa mtu ataangalia sinema, kisha atasimama aseme imemfanya ahisi nini. Hisia tu. Siasa waachieni wenyewe."

Nikamuuliza hao wenyewe ni akina nani. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo akaniita Mheshimiwa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane, ndani ya godauni ambalo Mwingereza alilijenga kwa ajili ya karanga zake karibu na bandari ya Mtwara. Karanga hazikuja, tukaja sisi, tufundishwe usemaji wa sinema. Gari la sinema likienda vijijini, picha zilikuwa bubu, au zina sauti ya Kizungu ambayo ni heri ububu. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kushika kipaza sauti awaambie watu wanaona nini. Wanafunzi tulijaza mabenchi. Nafasi ya kazi ilikuwa moja.

Sinema ya kwanza ilikuwa ya korosho. Mkulima mwenye shati jeupe anaokota huku anatabasamu, kikapu kinajaa kabla mgongo haujamuuma. Nikasimama nikasema nimehisi kudanganywa, maana mama yangu kule Likombe akitoka kuokota korosho huinuliwa kwa kushikwa mkono. Sifuri. Ya pili ilikuwa ya kunawa mikono, bomba linamwaga maji kama mto. Nikasema nimehisi kiu. Sifuri tena.

"Mheshimiwa Salumu," Mwalimu akasema, "wewe ukioneshwa harusi utahisi msiba."

"Inategemea nani anaolewa, Mwalimu."

Aliyetushinda wote alikuwa Ermelinda. Alivuka Ruvuma na mama yake vita vilipoanza ng'ambo kwa Mreno, wakapanga chumba mtaa wa Chuno, wakawa vibarua wa kulima mihogo ya watu. Alijua Kimakonde, Kimakua, Kireno, na Kiswahili alichofundishwa na matusi ya sokoni. Akishika kipaza sauti, hata mbuzi wa kwenye picha unamwona ana ukoo. Na kazi ile aliihitaji kuliko sisi sote. Wakubwa wa mtaa walikwishamwambia: mkimbizi asiye na kazi mjini atapandishwa lori, apelekwe kambini bara. Mama yake, Bi Esperanca, alikuwa amegoma kuhama. Mwanawe wa mwisho, Inasio, alikufa kwa kuhara siku chache baada ya kuvuka, akazikwa Chuno. "Mimi namlinda mtoto," ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila aliyemtajia lori.

Siku ya mtihani Mwalimu akatundika shuka, akafunga mkanda ambao hatujauona. Ulipigwa na wageni waliokuja na misaada. Mto Ruvuma. Mitumbwi inatia nanga kwenye tope, watu wanashuka na mizigo kichwani.

Ermelinda akaanza vizuri. Kisha sauti ikawa nyingine. "Yule mwenye kanga iliyochanika ni Esperanca, mama yangu. Mgongoni ni Inasio. Anayevuta mtumbwi ni Francisco fundi seremala, alikuwa..."

"Simamisha!" Mwalimu akawasha taa. "Ndugu, hawa hawana majina. Hawa ni wakimbizi. Msemaji akianza kutaja watu, gari litalala kijijini. Mussa, njoo wewe."

Mussa alikuwa mchekeshaji wa darasa, mtoto wa mwenye duka. Mwalimu akacheka kidogo, akageuza swichi ya projekta, mkanda ukaenda kinyumenyume. Watu wakaanza kurudi mtoni kwa visigino. Maji yaliyomwagika yakaruka kurudi kwenye ndoo. Mizigo ikapaa kutoka chini ikatua vichwani.

"Wameonja ugali wetu!" Mussa akapaza sauti. "Wamesema afadhali bomu!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. "Rudini kwenu!" wakaitikia mabenchi ya nyuma. Niliwaona waliosema, na majina yao ninayo. Mmoja leo ni kiongozi, hufungua mikutano kwa neno umoja.

"Mheshimiwa," Mwalimu akanigeukia akijifuta machozi, "umehisi nini?"

"Kutapika. Na ningependa kukutapikia wewe."

Nilitolewa nje kwa kushikwa shati. Masomo yangu yaliishia pale mlangoni, na pale mlangoni nikasikia Mwalimu akiuliza, "Haya, nani atampiku Mussa? Atakayempiku ndiye mwenye gari."

Kisha sauti ya Ermelinda.

"Nirudishie hiyo ya kinyumenyume, Mwalimu." Projekta ikanguruma. "Mabibi na mabwana, huyu wa kanga iliyochanika ni mama yangu. Angalieni matako yanavyoijua njia, hayahitaji macho! Na huyu mgongoni ni Inasio, ndiye dereva wa msafara. Piga honi, baba! Shikilia hapo hapo, tunafika! Huko kwetu ng'ambo, mabwana, kijana amepona, hata kuhara ameacha!"

Kicheko kilitikisa mabati. Mwalimu hakukumbuka tena kwamba wakimbizi hawana majina.

Nilimsubiri Ermelinda hadi alipotoka. "Dada, umemfanya marehemu kichekesho."

"Kaka Salumu, wewe ulisema nini mle ndani?"

"Ukweli."

"Ukweli wako ungempa mama yangu chumba?" Akatema mate pembeni. "Wewe una kwenu. Ukifukuzwa unakwenda kula. Niachie njia."

Onyesho lake la kwanza lilikuwa Chuno, uwanjani, baada ya magharibi. Alimsihi Mwalimu aanze na ile ya korosho. Mwalimu akakataa, akaufunga mkanda wa mto yeye mwenyewe, uende kinyumenyume, na kuketi mbele. Watu walijaa, nami nikiwamo, na Bi Esperanca kati yao, kavaa vizuri kwa ajili ya kazi ya bintiye.

Ermelinda alimwona. Mwalimu akamkazia jicho, na yeye akasema yote, hakupunguza hata honi.

Uwanja mzima ulicheka. Waliokuwa karibu na Bi Esperanca walimtambua, wakamnyooshea vidole, wakacheka zaidi. Alikaa mpaka mtumbwi ukafika ng'ambo. Ndipo akaja kwenye gari, akasimama chini ya bintiye, na kipaza sauti hakikuwa kimezimwa.

"Umesema Inasio amefika kwetu, mzima."

"Mama, ni kazi tu. Ni mchezo."

"Basi hapa sina ninayemlinda. Lori lao linaondoka lini?"

Ermelinda akaruka chini amshike. Mama akautoa mkono ule begani kama mtu anayeondoa mdudu, akapita katikati ya watu, nao wakampisha huku wakimcheka nyuma yake.

Asubuhi Bi Esperanca alipanda lori bila kusukumwa. Lakini usiku ule watoto wa Chuno waliendelea kupiga miluzi, wakitaka ya kinyumenyume tena. Mwalimu akagonga ubavu wa gari. Ermelinda akapanda, akashika kipaza sauti, akaanza upya.