Orodha Iliyoanza na Namba Mbili

Kitendawili. Sema tega, na useme kwa sauti, maana sikio langu la kushoto limeshachoka na dunia. Ninaye ng'ombe mweupe, majani hali. Nikimlisha mtoto wa jirani, anazaa mapacha wa mtoto huyo, ishirini, thelathini, mpaka nimkataze.

Umeshindwa. Basi nipe mji. Kakonko? Naupokea, siku hizi ni makao makuu ya wilaya. Nilifika Kakonko, wakanichinjia kuku wawili, wakaniuliza wewe mbona hukuja, nikawaambia huyo kashindwa kitendawili, mwacheni ashinde na njaa. Jibu ni mashine ya kutolea kopi.

Ng'ombe huyo ni wa mwanangu Haidari. Ana duka la steshenari Kasulu mjini: kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, madaftari. Mimi nakaa Kibondo, lakini mjukuu wangu Adija alikuwa kwake, anamsaidia dukani. Adija ni mtoto wa marehemu Abdulrahmani, mwanangu wa kwanza, kwa hiyo Haidari ni baba yake mdogo. Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi anavyomtania mjukuu, naye huniambia nimezeeka, nimwachie babu. Babu mwenyewe yuko kaburini mwaka wa tisa.

Adija alimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kuendelea. Miezi minne baadaye, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na nne, alikuja nyumbani kwangu Mwalimu Sylvesta, aliyemfundisha Adija na wenzake kompyuta hapa Kibondo. Akanieleza kuna nafasi moja tu kwa wilaya zetu mbili, Kibondo na Kakonko. Msichana mmoja atakwenda Dodoma kusomeshwa kompyuta mwaka mzima, kulala na kula juu ya wafadhili. Sharti lao ni kwamba Jumamosi ya mwisho ya Agosti aje na gemu aliyoitengeneza mwenyewe, na mtu asiyemjua aweze kuicheza mpaka mwisho bila kuelekezwa. Mwalimu alisema katika wote aliowafundisha, anamwona Adija.

Nilimpigia simu mtoto. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekata, kumbe analia. Aliporudi kwenye maneno alikuwa ameshajua gemu yenyewe itakuwaje. Itakuwa vitendawili vyangu. Bibi kizee anatembea na kikapu, anatega, ukishindwa unampa mji, anautia kikapuni. Ukimaliza miji yote ya Kigoma umekwisha. Nilimwambia huyo kizee asimchore na makalio yangu. Akasema hapo ndipo watu watacheka.

Sasa, mimi ni wa darasa la saba, nilidhani lugha ni kitu cha kusemea na watu. Adija alinifundisha kuwa kompyuta nayo haitembezi kizee chochote mpaka uiambie kwa lugha yake, na lugha hizo ni nyingi. Zipo za wanaoanza na zipo za waliobobea. Hilo nililielewa upesi. Sisi hapa tunaanza na Kiha cha mama, Kiswahili tunakikuta shuleni, na Kiingereza wanakipata wanaokipata. Hujamwona mtoto mchanga akiimbiwa kwa Kiingereza ili alale.

Mwalimu Sylvesta naye aliliona hilo. Aliandika orodha ya lugha, akaitia kwenye bahasha pamoja na sidii yenye programu zake, akanipa mimi. Haidari alipopita Kibondo wiki ile kuleta madaftari ya shule, nilimkabidhi. Kwa mkono huu. Nikamwambia, hii ni ya Adija, ndiyo maisha yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Kwenye Idi nilikwenda Kasulu. Nikamkuta mke mwenzangu amekonda, macho mekundu. Haidari alikuwa amemruhusu kutumia kompyuta kila siku duka likifungwa, mpaka magharibi, na majirani wote walimsifu, nami nikamsifu mbele ya mkewe. Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kompyuta. Niliisoma, kusoma najua. Ilianza na namba mbili. Mbili C++, tatu Java, basi. Juu ya hapo karatasi ilikuwa imekatwa imenyooka.

Nilimuuliza Haidari namba moja iko wapi. Akasema juu kulikuwa na salamu za mwalimu tu, karatasi ikakwama kwenye mashine alipotaka kuitolea kopi, akaikata. Kuhusu namba alisema walimu wa siku hizi wanajihesabia wanavyotaka. Akaniuliza kama nitaongeza pilau. Nikaongeza. Pale dukani kila karatasi hukatwa, kipande kinachobaki huandikiwa risiti. Na aliyeniambia ni niliyemnyonyesha, nikaamini.

Kumbe Adija alikuwa amemuuliza baba yake mdogo aanze na ipi, akamjibu aanze na hiyo ya juu, C++, ndiyo wanayotumia wanaume wanaojua kazi. Yeye mwenyewe aliiweka ile programu kwenye kompyuta, na sidii akaifungia kwenye droo isije ikachubuka. Mtoto akakaa nayo miezi minne. Alinionyesha. Kioo cheusi, herufi nyeupe. Kizee hakuna, kikapu hakuna. Akisahau nukta moja yenye mkia, kompyuta inagoma yote na kumwandikia matusi ya Kiingereza mistari arobaini.

"Bibi, labda sina akili," aliniambia tukiosha vyombo.

Nilimwambia aendelee, baba yake mdogo hawezi kumpeleka njia mbaya. Neno hilo nililisema mimi.

Ikafika Jumamosi yenyewe, kwenye ukumbi wa shule hapa Kibondo. Wasichana walikuwa saba. Adija alivaa gauni langu la bluu, nimelipunguza kiunoni. Aliitwa mama mmoja asiyemjua, muuza mawese, akalishwe aicheze gemu. Kile kioo cheusi kikamuuliza kitendawili. Mama wa watu akaandika jibu, na alijibu sawa, lakini alianza kwa herufi kubwa. Kompyuta ikamwambia ameshindwa, ikamdai mji. Akaandika Buhigwe. Ikazimika.

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Adija aliiwasha tena. Ikazimika tena palepale.

Baada yake akaja Immakulata Nduwayezu, binti wa wakulima wa Gwarama, hajawahi hata kukaa na kompyuta mwaka mzima. Kwenye kioo chake kulikuwa na paka anapalilia muhogo, nguruwe pori wakija anawafukuza kwa jembe. Muuza mawese alicheza mpaka akasahau alikotoka, ikabidi aondolewe. Immakulata akaulizwa ametengeneza kwa muda gani. Akasema wiki tano, kwa Skrachi, lugha ya wanaoanza, unapanga vipande vya rangi kama unavyopanga matofali, huandiki hata nukta. Nafasi ikawa yake, na ilikuwa haki yake, nilimpigia makofi.

Mwalimu Sylvesta alikuja tulipokaa. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyefiwa. Akamuuliza Adija kwa upole kwa nini aliiruka namba moja.

"Namba moja ipi, mwalimu?"

"Skrachi. Nimeipigia mistari miwili chini. Nimeandika anza na hii, nyingine ni za baadaye. Ipo kwenye sidii."

Adija alinigeukia. Niliona anahesabu ni mikono ya nani iliyoishika ile bahasha, na wa kwanza nilikuwa mimi.

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Vumbi la barabara ya Kasulu nililila lote, sikufunga dirisha. Adija nilimwacha nyumbani, alikuwa amelala ameangalia ukuta.

Haidari alikuwa peke yake dukani, anatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Alinipa shikamoo, nikaiacha hewani. Nilimwambia afungue droo. Akajidai hajui funguo zilipo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia nina siku nzima, na kesho pia ninayo. Akafungua. Sidii ilikuwa chini ya vitabu vya risiti, na kile kipande cha karatasi kimekunjwa ndani ya kasha lake. Namba moja, mistari miwili chini, kwa wino wa bluu. Hata hakukitupa.

Nilimuuliza kwa nini. Akaanza kueleza mambo ya kodi ya pango. Akasema Dodoma ni mbali na mtoto wa kike ni wa kuchungwa. Akasema tangu Adija aje, wateja wanapanga foleni, anajua kila mashine ya mle ndani, hata ile ya picha ameitengeneza mwenyewe fundi aliposhindwa. Nikamwambia hayo sikuuliza. Kama hukutaka aende ungemwambia hapana, angelia wiki moja akanyamaza. Ungeichana orodha yote. Kwa nini umwachie zile mbili, umwekee programu kwa mkono wako, umfungulie kompyuta kila jioni, usifiwe?

Akaingia mteja, mwanamke na kichanga mgongoni, anataka kopi mbili za kadi ya kliniki. Haidari akamtolea. Akazipanga, akazigonga mezani zikae sawa, akampa. Yule mwanamke alipotoka, mwanangu alibaki ameshika mfuniko wa mashine, hajaufunga, mwanga wa ndani unampiga kidevuni.

"Mtoto aliniambia hana akili," nilimwambia. "Miezi mitano. Kwa nini, Haidari?"

Akafunga mfuniko.

"Nilitaka achoke, mama," alisema. "Ile ya kwanza asingechoka."