Pipa la Nyuma

Jumamosi saa nne asubuhi wageni kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya chumba cha kuonjea mvinyo, na mke wa mwenye shamba alikuwa akipita akiwafunga kamba miguuni. Ilikuwa kamba ile ile ya kufungia mizabibu. Ncha moja kwenye kifundo cha mguu, nyingine kwenye mguu wa meza. Aliwaomba watoe funguo mifukoni, maana wiki iliyopita funguo za mgeni mmoja zilimdondokea mwalimu mstaafu, na mwalimu, aliyekuwa amerudi leo, bado alikuwa na nundu.

Mvinyo usio na kemikali humwinua hewani anayeunywa. Ndiyo maana fremu ya mlango ilikuwa na alama za penseli, kama kwenye nyumba zenye watoto wanaokua. Mvinyo uliotiwa dawa kidogo hukunyanyua kimo cha vidole viwili tu. Uliotiwa dawa nyingi hukuacha hapo hapo kwenye benchi, na kesho yake kichwa kinakugonga.

Mwenye shamba, ambaye majirani walimwita Profesa kwa sababu ya miwani, alieleza kwa dakika arobaini jinsi anavyozungumza na udongo. Mkewe alisikiliza huku akipangusa glasi. Hajawahi kumwona akizungumza na udongo. Amemwona akizungumza na simu. Aliyenyunyiza majivu na maji ya pilipili kila alfajiri alikuwa yeye, na aliyetoa viwavi kwa mkono, mmoja mmoja, alikuwa yeye. Alikanyaga zabibu mpaka kucha za miguu zikawa zambarau na zikabaki hivyo. Kwa miaka tisa alitaka kitu kimoja: jina lake liandikwe kwenye cheti cha kilimo hai. Leo mkaguzi wa vyeti alikuwa amekuja, jitu la miraba minne, na mhuri mfukoni.

“Tuanze na pipa la mbele,” alisema Profesa. Mvinyo wa hilo aliutengeneza mwenyewe.

Mkaguzi alizungusha glasi, akanusa, akanywa. Akapanda vidole viwili, akakaa hapo kidogo, akashuka.

“Umetia nini humu?”

“Mapenzi,” alisema Profesa.

“Ya unga au ya maji?”

Profesa alikohoa. “Ya unga. Kijiko tu.”

“Mzee, kuna pipa jingine huko nyuma,” mkewe alimwambia mkaguzi. “Lile ni langu.”

Mkaguzi alikunywa mvinyo wa pipa la nyuma. Kamba ya mguuni mwake ilikatika. Alipanda akazipita alama zote za penseli, akagota darini kwa kichwa, kisha kwa tumbo, akatulia huko. Akaomba apelekewe fomu ya cheti, ikapelekwa imechomekwa kwenye mpini wa ufagio, naye akaanza kuijaza ameiegemeza kwenye mbao za dari.

“Safi kabisa,” alisema kutoka juu. “Daraja la kwanza. Niandike jina la nani?”

“Langu,” alisema Profesa.

“Mimi ndiye niliyeutengeneza,” alisema mkewe. “Nimeukanyaga kwa miguu hii. Itazameni.”

Watu wote waliitazama. Mkaguzi naye aliitazama, kwa huruma ya kweli.

“Dada yangu, nakuamini. Nimefika darini, nisikuaminije? Lakini fomu ina mstari mmoja, na umeandikwa ‘mwenye shamba’.”

“Kwani mke na mume si kitu kimoja?” alisema Profesa.

“Basi niandikwe mimi,” alisema mkewe.

Wageni walicheka sana. Hata mwalimu alicheka, akishika nundu yake, akadhani ni utani. Mkaguzi aliandika jina la Profesa, akagonga mhuri, nusu kwenye cheti, nusu kwenye dari.

Iliuma. Iliuma hadi mwanamke akasahau kuwaaga wageni, waliokuwa wameonja nao, walipovutwa chini kwa kamba zao, na mkaguzi kwa mpini wa ufagio. Walipoondoka alileta ngazi afute dari, wino pamoja na mafuta ya nywele ya mkaguzi. Akiwa na kitambaa mkononi ndipo alipokumbuka kwamba katika miaka yote tisa hajawahi kuonja mvinyo wake. Kila mara kulikuwa na glasi za kuosha. Akajimiminia glasi ikajaa, hakujifunga kamba, akanywa yote.

Alipanda taratibu, gauni likijaa upepo. Juu kulikuwa na kidirisha, na kupitia hapo aliliona shamba zima, mistari yote aliyoifunga kwa mkono wake, imenyooka. Lilikuwa zuri. Alicheka peke yake, kisha akalia kidogo, machozi yakadondoka kwenye mabenchi.

Profesa aliingia na cheti kwenye fremu. Alitazama mabenchi yaliyolowa, akatazama juu.

“Uko huko?”

“Niko.”

“Maadamu uko huko huko, toa na utando wa buibui. Ule wa kwenye kona, kila siku nausema.”

Mkewe alitazama kidirisha. Kilikuwa wazi, na kilimtosha kupita. Akakitazama kwa muda mrefu.

“Nipe ufagio,” alisema.

Alisafisha kona zote nne. Saa kumi na mbili jioni alikuwa bado hajashuka, kwa kuwa mvinyo ulikuwa mzuri mno. Profesa alikuja akasimama chini yake, akauliza leo wanakula nini.