Kuwasikiliza Siku ya Jumatano

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, kabla viongozi hawajafundishwa lolote, walitumia saa nzima kujitambulisha. Kila aliyesimama alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia mwanzo. Kulikuwa na wakurugenzi wa mashirika, wakubwa wa idara za serikali, mwenyekiti mmoja wa bodi aliyesahau kutaja ni bodi gani, na Daktari Peres Were, kiongozi wa shirika kubwa la afya, ambaye alijitambulisha kwa upole mwingi kiasi kwamba kila mtu akajua yeye ndiye mkubwa kuliko wote.

Zamu ya Waringa ilipofika, alisema jina lake, akasema anaongoza shirika dogo linalowahudumia wafanyakazi wa nyumbani wa Kileleshwa, akaketi. Watu wakaendelea kumtazama wakingoja sehemu iliyobaki.

Hakukuwa na sehemu iliyobaki. Mwanzilishi wa shirika alikuwa amehamia Kanada, akamwachia Waringa ofisi ya chumba kimoja pale Ngara, birika la umeme, na cheo cha mkurugenzi ambacho bado kilimpwaya mabegani. Waringa aliamini mambo mengi kuhusu dunia, na mojawapo ni kwamba watu wakielezwa jambo vizuri watalifanya.

Hakuja kwenye ukumbi ule wa Loresho kutafuta cheti. Alikuja kumtafuta mtu mmoja tu. Huyo ni Bwana Gerishon Kuria, afisa aliyesimamia zahanati za umma za upande ule wa jiji, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. Waringa alikuwa ameshangoja ofisini kwake mara nyingi hata katibu wake akawa anamkaribisha chai kama shemeji. Alitaka kitu kimoja kutoka kwake: zahanati ya mtaa ifunguliwe Jumapili mchana. Ilikuwa ikifunguliwa siku zote isipokuwa hiyo moja, na hiyo moja ndiyo pekee ambayo wafanyakazi wa nyumbani walikuwa na ruhusa ya kutoka. Ivyne, aliyefanya kazi katika ghorofa za karibu na makutano ya barabara, aliishiwa na dawa za presha akawa anangoja nafasi ya kwenda kuchukua nyingine, mpaka alipoanguka jikoni na sufuria ya ugali mkononi. Alipona. Lakini Waringa ndiye aliyekaa naye hospitalini, na tangu siku hiyo hakuweza kuiona Jumapili kama siku ya kupumzika.

Mkufunzi wao aliitwa Okinyi, kijana mchangamfu mwenye kalamu za rangi katika kila mfuko. Mada ya juma ilikuwa usawa katika afya, naye aliifafanua kwa viatu. Aliwaamuru viongozi wavue na kubadilishana, ili kila mmoja aonje maisha ya mwenzake. Bwana Kuria akaangukia kiatu cha kike cha Daktari Peres, akausukumiza mguu ndani kwa bidii ya mtumishi wa umma, kisigino kikabaki nje kikichungulia.

"Unasikiaje, Bwana Kuria?" Okinyi akauliza.

"Nasikia haja ya kuenda nyumbani."

Walipogawanywa katika makundi, Waringa alisali kimyakimya, na sala yake ikajibiwa: aliwekwa pamoja na Kuria na Daktari Peres. Kundi likachagua viongozi wake, maana viongozi hawawezi kukaa meza moja bila kuchagua viongozi. Kuria akawa mwenyekiti. Daktari Peres akawa mtunza saa, na kuanzia hapo akachelewa kila kikao. Waringa akawa mwandishi, kwa kuwa ndiye mdogo.

Kazi yao ilikuwa kuandaa kikao cha kuisikiliza jamii siku ya Jumatano. Waringa hakusubiri kuulizwa. Alieleza habari ya Jumapili, alieleza habari ya Ivyne, akaeleza mpaka sauti ikamtetemeka.

Kuria akamsikiliza huku akikoroga chai. "Waringa, binti yangu, mimi sikukatalii. Lakini nikienda kwa wakubwa wangu niwaambie nini? Ati kuna msichana wa Ngara alinililia? Nataka wenyewe waje, waseme kwa mdomo wao. Wakija Jumatano wakasema wanataka Jumapili, napeleka hilo ombi kesho yake na nalitetea. Wasipokuja, tuachane na hayo maneno, na uache kumaliza chai ya ofisi yangu."

"Watakuja," Waringa akasema.

Waliandaa kikao kama watu wanaojua kuandaa vikao. Waliomba ukumbi wa kanisa moja Kileleshwa. Waliagiza sambusa. Daktari Peres alipendekeza bango, likachapwa. Waringa aliandika ujumbe wa heshima, akaupitisha kwa walinzi na wasimamizi wa ghorofa, kuwaomba waajiri wamruhusu kila mfanyakazi wa nyumbani kwa saa mbili tu, Jumatano asubuhi. Alipoandika neno Jumatano, kitu kilimfinya kidogo moyoni. Lakini ratiba ya Okinyi ilisema Jumatano, tena kwa rangi ya zambarau, naye Waringa alikuwa mtu wa kuheshimu ratiba.

Siku ilipofika, ukumbi ulianza kujaa mapema. Waringa alisimama mlangoni akihisi machozi ya furaha yanakaribia. Kisha akaanza kuona funguo za magari. Akaona miwani ya jua iliyopandishwa kichwani, na mikoba ya ngozi, na kucha ambazo hazijawahi kukutana na sufuria iliyoungua.

"Habari ya asubuhi, dada," mwanamke mmoja akamwambia kwa tabasamu la kweli kabisa. "Mimi ni Mama Ethan. Nimekuja kwa niaba ya Stellah wangu. Amebaki na mtoto."

"Na mimi kwa niaba ya wangu," mwingine akasema. "Anafua. Lakini chochote mnataka kujua, niulizeni. Ananiambia kila kitu."

Walikuwa watu wazuri, hilo ndilo lililoumiza. Baadhi yao waliomba ruhusa kazini ili waje kuwasemea. Mfanyakazi wa nyumbani mmoja tu ndiye aliyefika ukumbini, tena kwa sababu mwajiri wake alihitaji mtu wa kumshikia mtoto wakati akihutubia. Mtoto akalia, wakatolewa nje wote wawili.

Kikao kikaendelea. Mama Ethan akasema Stellah ni kama mtu wa familia. Mwingine akasema wake haugui kabisa, labda kwa ajili ya chakula kizuri. Wa tatu akasema shida si zahanati, shida ni simu, maana wasichana wa siku hizi wanapika wali huku wanatazama video. Hapo ukumbi mzima ukachangamka, na kwa muda mrefu afya ikasahauliwa. Mwisho mtu akatoa shukrani, mwingine akafunga kwa maombi, sambusa zikaisha.

"Jamii imesema," Kuria akamwambia Waringa wakitoka. "Haina shida."

"Bwana Kuria, hiyo si jamii. Hao ni mabosi wa jamii."

"Wametoka Kileleshwa ama hawajatoka Kileleshwa?"

"Wametoka."

"Basi."

Kesho yake, Loresho, wakati wa chai ya saa nne, Waringa aliketi mbele ya andazi asilolitamani. Kuria alikuwa kando yake, kidole kimoja sikioni, akipiga kelele kwenye simu. Alikuwa na pacha wa miaka mitatu, waliomjia uzeeni kama adhabu nzuri.

"Jacklyne! Wamekula? Wote wawili? Usimpe huyo simu... Haya, mpe. Sema hallo kwa Baba. Sema... amekata." Akaweka simu mezani, akajifuta jasho. "Huyu msichana Mungu alinipa. Bila yeye mimi ningekuwa nimefutwa kazi zamani."

Waringa hakuwa akimtega. Aliuliza kwa huzuni tu, kama mtu anayeuliza kuhusu marehemu. "Na jana, kama ule ujumbe ungefika kwako, ungemruhusu Jacklyne aje kwa kikao?"

"Jana? Jana aje? Mimi nilikuwa hapo kwa kikao na nyinyi, mke wangu yuko kazini Thika. Pacha wangebaki na nani? Na paka?"

Daktari Peres akacheka kicheko kikubwa. Kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Ngoja," akasema. "Hata wangu alikuwa nyumbani na mjukuu." Akageukia meza ya jirani. "Okinyi! Mtoto wako ako na nani saa hii?"

"Na Auntie wetu wa kazi," Okinyi akajibu, akicheka bila kujua anachekea nini.

"Basi hapo ndipo tulipo," Daktari Peres akasema. "Tumewaita watu kwa mkutano, na sisi ndio tumewawachia watoto ndiyo tuhudhurie huo mkutano."

Waringa akasema polepole kwamba hata yeye alijua, tena ndiye mwenye shirika lao, ila ratiba ilikuwa imechapwa vizuri sana.

Kuria alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Hakuwa mtu wa kusalimu amri mbele ya maandazi. "Sawa," akasema. "Jumapili basi. Lakini sitaki ukumbi, sitaki bango. Wakuwe pale, ama wasikuwe."

"Hawahitaji hata kualikwa," Waringa akasema, uso ukimng'aa. "Wakitoka kanisani huenda Uhuru Park. Kila Jumapili wako pale kwa nyasi."

Jumapili mchana, viongozi wa kundi wakafika Uhuru Park, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, kila mwenye mtoto nyumbani alifika naye. Okinyi, aliyekuja kuona mwisho wa kazi yake, alikuwa amefungwa mtoto kifuani, kalamu ya rangi mdomoni mwa mtoto. Daktari Peres alikuwa na mjukuu aliyekataa kutembea. Bwana Kuria alikuja na pacha wake katika soksi nyeupe za kanisani, mke akiwa kwenye chama cha akina mama.

Na wao walikuwepo. Walikaa makundi makundi kwenye nyasi, nguo zao za Jumapili zikiwaka, wakipigana picha, wakila mahindi, wakisimuliana habari za juma zima kwa mkupuo. Ivyne, aliyepona, ndiye aliyewakusanya karibu. Kuria akasimama, akavuta pumzi.

"Itifaki imezingat—"

Pacha mmoja akachomoka kuelekea kwenye maji ya bwawa. Kuria akamkimbilia, tumbo mbele. Aliporudi naye, wa pili alikuwa ameondoka na hindi la mtu. Wanawake wakacheka mpaka wakaegemeana. Ndipo pacha wote wawili wakapiga yowe la furaha na kumkimbilia msichana mmoja wa gauni la manjano aliyekuwa ameketi pembeni.

Alikuwa Jacklyne. Kuria hakuwahi kuliona gauni lile. Jacklyne akawakumbatia, akawafuta makamasi, akawabusu, kisha akawashika mikono na kuwarudisha kwa baba yao.

"Jacklyne, si uwashike kidogo tu, tumalize hii mkutano?"

"Baba Pacha," akasema kwa adabu zote, "leo ni Jumapili."

Vigelegele vikapigwa. Kuria akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani, pacha mmoja mapajani, mwingine shingoni. Ivyne akatumia nafasi hiyo. Akasimulia habari ya dawa zake.

"Kwani hukumwambia mwajiri wako?" Kuria akauliza.

"Nilimwambia. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema wiki ijayo."

"Ni mtu mbaya?"

"Aa, ni mtu mzuri. Ako na kazi mingi tu. Kama wewe."

Kuria akamgeukia Jacklyne, sauti ya kwaya imepungua. "Na wewe? Mara ya mwisho kuenda kliniki ilikuwa lini?"

Jacklyne akafikiri. "Ile siku mlinipeleka nipimwe, kabla mniandike."

Hakusema kwa lawama. Lakini Kuria alimtazama muda mrefu, huku pacha akimvuta sikio.

"Nitapeleka ombi," akasema hatimaye. "Nitalitetea. Lakini niambieni ukweli: wauguzi nitatoa wapi? Hata wao wana watoto, hata wao wanataka kuenda kanisa."

Waringa akahisi Jumapili yake ikiteleza tena. Kisha msichana mmoja aliyekuwa akisuka nywele za mwenzake akasema bila kuinua macho, "Si muchukue Wasabato? Sisi tumeshamaliza kusali jana. Jumapili kwetu ni ya kufua."

Kuria akapiga paja, pacha akaruka. "Wale wauguzi wangu wawili! Kila mwezi wananisumbua niwapatie Jumamosi, kila mwezi tunagombana!" Akaanza kucheka. "Haya. Jumapili, saa saba mchana."

"Saa saba! Kanisa letu linatoka saa nane!"

"Ni pasta wenu hana saa."

"Muachane na pasta wetu. Saa tisa!"

"Saa tisa mimi niko njiani kurudi, nani atapika?"

Waringa aliwasikiliza wakigombana, kila mmoja kwa mdomo wake, na hakutaka waache. Mwishowe Kuria akaomba wapige kura kwa mikono, saa nane au saa tisa. Saa nane ikashinda kidogo sana. Mara wa saa tisa wakalalamika kwa sauti kubwa kwamba pacha wa afisa nao wameinua mikono, yote miwili kila mmoja.

"Kura zihesabiwe upya," Kuria akaamua, akiwashika wanawe viganja. "Mwandishi!"

Waringa akainuka, akajipangusa nyasi, akaanza kuhesabu.