Ngurumo Chini ya Kinanda

Guleid alikuwa na masikio ya kuringia. Kituo kimoja cha redio huko Nairobi kilikuwa kikimtumia santuri za piano na za kinanda cha kanisani, naye akizisikiliza nyumbani kwake Garissa na kuzitolea hukumu mbili: mpigaji amepiga vipi, na sauti imenaswa vipi. Wenzake msikitini walimtania kwamba anajua mlio wa makanisa asiyowahi kuyakanyaga. Alicheka tu, maana sifa zilimkolea.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1966, Billow alipofika kutoka Buna, hoi kwa homa na bila kibali cha kusafiri, hakuna aliyeuliza nani atakuwa mlinzi. Dada yake, Kinsi, mke wa Guleid, alimlaza chumba cha nyuma, akamwambia mumewe kazi yake ni moja: akisikia malori ya jeshi, amwamshe kijana atokee uani, akimbilie vichaka vya mtoni. Siku hizo kijana asiye na kibali alihesabiwa shifta, yaani mwasi anayepigana na serikali, na si wote waliochukuliwa waliorudi.

Kinsi akaenda kutafuta dawa. Guleid akaketi mlangoni, masikio nje. Lakini kila mtu na ugonjwa wake. Palikuwa na santuri mpya ya kinanda, akajiambia ataisikiliza upande mmoja tu, tena kwa sauti ya chini.

Mpigaji alikuwa hodari. Hakuwa na haraka. Kila sauti aliiacha ifike mwisho wake ndipo aguse nyingine. Guleid akafumba macho. Chini kabisa ya zile sauti nene akasikia ngurumo. Akakunja uso. Alidhani mitambo ya kunasia sauti ilitikisika siku ile, kosa alilokwisha kukutana nalo mara nyingi. Akarudisha sindano nyuma ahakikishe. Ngurumo ikazidi, naye, masikini, akamsikitikia mpigaji mzuri aliyeharibiwa kazi na mafundi wazembe.

Alipofumbua macho, askari walikuwa wamekwisha ingia uani. Walimtoa Billow akitetemeka, wakampakia kwenye lori. Guleid alijieleza kwamba huyu ni shemeji yake, ni mgonjwa, akasukumwa chini.

Kinsi alikuta majirani wamejaa mlangoni. Waliposogea, alimtazama mumewe, kisha gramafoni iliyokuwa bado ikizunguka. Guleid aliona pa kuponea. Angesema muziki ulimziba masikio, na mkewe angemwamini.

"Hukuyasikia malori?" Kinsi aliuliza.

"Niliyasikia. Nilidhani ni kosa la santuri."

"Ukafanya nini?"

Guleid alitamani ardhi immeze.

"Nikairudisha nyuma," akasema, "nisikie vizuri."

Kinsi aliketi palepale chini, dawa mkononi, akalia. Guleid alitaka kumshika bega, akaona hana uso wa kumgusa.